Hisa za Mama Elinaza

Wengine huwaonea wivu majirani. Eliezeri wa Mhezi alimwonea wivu mkewe, tena bila haya. Kijiba cha roho kilimwanza siku Ernesta aliporudi kutoka mkutano wa kampuni ya tangawizi, watu wakawa wanamwita mwanahisa njia nzima. Yeye, mwenye nyumba, wakamwita mume wa mwanahisa.

Na nani alimzuia? Kiwanda kilipojengwa pale kijijini fedha za vibarua hazikutosha, ikatangazwa kuwa atakayetoka msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kubeba mawe ya msingi atalipwa kwa hisa. Eliezeri alicheka hadi akashika mbavu. "Mimi si punda wa kampuni," alisema, akamtuma mkewe. Ernesta akabeba mawe kutoka mtoni msimu mzima, bega likamchubuka, akaandikiwa hisa mia mbili kwa jina lake.

Tangu hapo, kila aliporudi mkutanoni na kuanza, "Baba Elinaza, leo wametueleza kuhusu kampuni," Eliezeri alikumbuka ghafla kwamba ng'ombe hajakatiwa majani. Masikio hakuwa nayo, lakini macho alikuwa nayo. Alilitazama jengo, akaitazama mashine ya kukaushia, akalitazama lori jipya, na roho ikamuuma kana kwamba vyote vile vilitolewa sebuleni kwake.

Ndipo ikasikika kuwa mhasibu atapiga hesabu ya thamani ya hisa na kuitangaza mjini Same. Eliezeri hakusubiri mhasibu. Alikaa zizini akapiga yake: mali ya kampuni haipungui milioni mia mbili, hisa zote ni elfu kumi, basi kila hisa ni shilingi elfu ishirini. Za Ernesta, milioni nne! Chai ilimshinda kunywa.

"Mama Elinaza," alisema, "tubadilishane. Shamba la juu, lile la mferejini, liwe lako. Nipe hisa."

Ernesta aliacha kupepeta maharage. Shamba hilo alililima yeye tangu aolewe, na fedha za mavuno ziliishia mfukoni mwa mumewe.

"Umeuliza kampuni iko vipi?"

"Mimi si mtoto."

"Ngoja basi nikwambie tulichoelezwa juzi..."

"Unaanza kunizungusha! Unaona uchungu nami nikiwa na kitu?"

Ernesta akarudia kupepeta maharage. Kisha akakubali, ila waandikishiane mbele ya mwenyekiti wa kijiji na kaka zake Eliezeri. Wakaandikishiana, na kampuni ikaziandika hisa kwa jina la Eliezeri.

Siku ya mkutano Eliezeri alivaa koti lake la harusi, akakaa mstari wa mbele. Mhasibu, binti wa pale mjini aitwaye Nasrin, akasoma: mali yote, milioni mia mbili. Eliezeri akageuka huku na huku ili watu wamwone. Hesabu yake ilikuwa barabara!

"Sasa tunatoa madeni," Nasrin akaendelea. "Mkopo wa mashine na lori, milioni mia moja na tisini. Zinabaki milioni kumi. Tukigawa kwa hisa elfu kumi, kila hisa ni shilingi elfu moja."

Hakuna aliyeshtuka. Deni hilo lilisomwa kila mkutano. Aliyebaki mdomo wazi ni Eliezeri peke yake, na laki mbili zake.

Alimkuta Ernesta shamba la juu, akifungulia tangawizi maji.

"Ulijua!"

"Nilianza kukwambia mara ngapi? Ukakimbilia majani ya ng'ombe."

Eliezeri aliyatazama maji yakipita kwenye matuta. Lo, shamba lilikuwa zuri! Kijiba kikamkaa upya, safari hii kwa ajili ya shamba alilolitoa kwa mkono wake.

"Mjumbe amepita," Ernesta akasema. "Mvua imekata barabara ya kiwandani. Kesho ni msaragambo wa mawe, na kila mwenye hisa aje mwenyewe, asitume mtu."

Akaikunja kanga yake kuukuu ikawa ngata, akamkabidhi.

"Weka begani. Litakuchubuka."