Springi za Keria ya Baba

Enzi zetu kule Kabuchai, mtu akisema ana usafiri alimaanisha baiskeli, na baiskeli yenyewe ikiwa na springi kwenye keria, huyo alikuwa mtu wa kuangaliwa mara mbili. Sisi watoto tulikuwa na magari yetu ya waya, magurudumu ya soli za malapa yaliyokatika, na tuliyaendesha kando ya mashamba ya miwa tukinguruma kwa midomo mpaka mate yanaruka. Trekta la miwa likipita tunayatupa chini na kulifukuza. Aliyefaulu kuchomoa muwa aligawa kwa wote, na jioni tulirudi nyumbani tumenata mikono na nguo, tukasemwa vizuri, kisha tukapewa viazi vitamu na chai ya rangi.

Baba alikuwa na ile baiskeli kubwa nyeusi ambayo wenzangu wa rika langu wanaijua. Mimi nilikaa mbele juu ya bomba, miguu ikining'inia, na mama akakaa nyuma kwenye keria, kiupande, leso imefungwa sawasawa. Safari za Bungoma zilikuwa raha yangu na mateso yake, kwa sababu keria ni chuma na barabara yetu ilikuwa mashimo matupu. Basi baba akamhurumia. Akaenda kwa fundi wa baiskeli sokoni Chwele, akachagua springi nene kuliko zote, zile za watu wa kubeba magunia ya mahindi, akazifunga chini ya mto wa keria. Alirudi akipiga kengele tangu mbali.

Jumapili tukatoka kwenda kanisani tumependeza. Shimo la kwanza tu, mama akarushwa juu, akatua ndani ya miwa ya jirani. Alikuwa mwembamba, na springi za magunia hazikujua kama kuna mtu amezikalia. Alimaliza safari kwa miguu, viatu mkononi.

Baba alirudi kwa fundi, safari hii na mama mwenyewe. Fundi alipoanza kusifia chuma chake, baba akamkatiza: "Mimi sibebi mahindi. Nabeba Mama Nekesa." Nekesa ndiye mimi. Akamkalisha mama kwenye keria palepale sokoni, watu wakitazama, akaitikisa baiskeli na kumuuliza, "Hii je?" Wakabadilisha springi, wakabadilisha tena, hadi mama akacheka. Tangu siku hiyo walikuwa na lugha yao ya barabarani. Baba akizidisha mwendo, mama anamfinya ubavuni. Mama akisikia raha, anampigapiga begani, maana yake kanyaga. Na baba alikanyaga! Tulishuka mteremko wa mtoni upepo ukinitoa machozi, na mimi nikiamini hakuna mtoto duniani anayenishinda.

Vijana wa siku hizi wameyakuta magari tayari, na jambo la kwanza wanalofanya ni kuyashusha. Mwanangu Wafula, ninayeishi naye hapa Kitale, alinunua gari dogo, na kabla hajalizoea akakata springi kwa grainda ili gari "ilale". Nikamuuliza linalalaje mchana. "Mathe, hiyo ndiyo kuwaka, bana," akaniambia, yaani ndiyo kupendeza kwao. Lakini alibakisha shoki zilezile ndefu, yale mabomba ya mafuta yanayoituliza springi isirukeruke, na springi iliyokatwa haipatani na shoki ndefu. Hazikukaa sana zikaanza kuvuja mafuta, na gari likawa linagonga chini kwenye kila tuta kama sufuria lililoanguka jikoni.

Kisha ikaja harusi yake. Ilikuwa ifanyike Bungoma, na tangu akiwa mdogo Wafula aliapa kwamba Kukhu, yaani mama yangu, ataingia kanisani akitoka kwenye gari lake yeye. Akaenda Kabuchai kumzungusha kidogo ili alizoee. Hawakufika hata kwenye lami. Kukhu alimwambia asimamishe, akashuka, akavua viatu.

"Wafula, hii gari yako inakaranga mtu kama njugu. Siku ya harusi mimi nitakuja na bodaboda."

Kijana alinipigia simu karibu alie, mtu mzima na ndevu zake. Nilimhurumia sana. Nilicheka pia, kwa sababu viatu vile mkononi nilikuwa nimeviona zamani.

Nikamsindikiza kwenye duka la spea. Shoki zilipangwa ukutani, nyekundu, manjano, buluu, na Wafula macho yakamtoka kama mtoto mbele ya peremende. Muuzaji akashusha koilova moja nyekundu, ile shoki inayokuja imevaa springi yake, na nati ya kuzungusha ili gari lipande au lishuke.

"Hii ni ngumu kabisa, bosi. Unashusha mpaka paka hapiti chini."

Wafula alikuwa ameshaikumbatia. Nikamuuliza, "Utabeba nani?"

Akaniangalia. Hadithi ya marehemu babu yake anaijua. Akairudisha kaunta polepole. "Nipe yenye si ngumu. Nabeba Kukhu."

Muuzaji naye akabadilika, akaanza kuuliza barabara ikoje na mzee mwenyewe ana mwili gani. Akatoa koilova nyingine, laini, isiyo na rangi ya kujivunia. "Hapa Kitale ishushe vile unataka. Ukienda ushago, huko kijijini, si unaiinua tu." Ilipofungwa, Wafula aliiinua hadi marafiki zake wakasema gari limesimama kama la mwalimu mkuu. Akaiacha hivyohivyo, na hapo nikajua anaoa kweli.

Asubuhi ya harusi, kule Kabuchai, Kukhu alilizunguka gari, akalibonyeza kwa kiganja, kisha akaingia nyuma na kukaa kiupande, ameshika kiti cha mbele. Mimi nilikaa mbele. Wafula alitoka polepole. Shimo la kwanza likaja, gari likazama kidogo, likainuka taratibu.

Niliwaza jinsi enzi zetu tulivyonusa miwa njia nzima, na sasa vioo vimefungwa na harufu pekee ni ya manukato ya gari. Kama aliyenisikia, Kukhu akasema, "Fungueni dirisha." Upepo ukaingia, na miwa nayo ikaingia. Tulipopita kinu cha kusaga unga, nikaona mkono wake uliokunjamana ukipita kati ya viti na kumpigapiga Wafula begani.

Wafula akashtuka. "Mathe, anataka nisimame?"

Nikaugusa ule mkono.

"Hapana, mwanangu. Anasema kanyaga."