Neno Lililofutwa Kamere

Nakumbuka siku moja kule Kamere, kwenye mashamba ya maua, mwanangu. Nilikuwa msichana, nimetoka tu kusomea Kifaransa chuoni Njoro. Kampuni iliyokuwa ikijenga banda la kupakia maua ilikuwa imeleta vifaa kutoka Ufaransa, ikaniajiri nigeuze maandishi ya kwenye maboksi yawe Kiingereza.

Boksi moja liliandikwa cheville. Kamusi ikaniambia ni kifundo cha mguu! Nikacheka peke yangu, kisha nikauliza, maana kuuliza si ujinga. Kumbe ni bolti inayotanuka ndani ya ukuta ikashika. Chini yake palikuwa na maneno béton plein. Nikaandika: anchor, solid concrete only. Yaani ni ya zege lililojaa, si ya mabloku yenye uwazi ndani. Na ukuta wetu ulikuwa wa mabloku yenye uwazi.

Meneja alifuta yote, akaandika wall plug, yaani kiplastiki cha kushikia skrubu kwenye ukuta wowote.

"Madam, plug ni plug. Usinicheleweshe."

Sikunyamaza. Nilikwenda kwa mafundi waliokuwa wamefunga jukwaa la kupandia ukutani kwa bolti zile, nikawaeleza kwa Kiswahili. Wengine waliweka nyundo chini. Otieno, kijana wa Nakuru aliyekuwa ameoa juzi juzi, alishika ngazi.

"Teacher, nimekuskia," akasema, maana ndivyo mafundi walivyoniita. "Lakini boss amesema asiyepanda leo asirudi kesho. Nyumbani nitasema nini?"

Akapanda. Nilikuwa bado namwita wakati bolti zilipochomoka ukutani. Jukwaa lilikuja chini naye. Tulimfunika kwa nailoni, kwa sababu hatukuwa na shuka.

Siku ya mazishi meneja alisimama na kusema, kwa upole kabisa, kwamba ajali haina kinga. Mzee Okelo, babake Otieno, ambaye mafundi walikuwa wamemweleza yote, akainuka polepole.

"Wacha hiyo methali, kijana. Hii ilikuwa na kinga. Msichana huyu aliileta kwa mdomo wake, wewe ukaifuta kwa kalamu."

Hakupaza sauti. Meneja alikaa, na hakuna aliyemtazama tena. Lakini usidhani kuna aliyeshtakiwa. Banda lilimalizwa, maua yakapakiwa.

Sasa nasikia nawe unataka kula kwa kugeuza maneno ya watu. Basi shika haya. Neno usilolijua, uliza, hata wakucheke. Unalolijua, usikubali lifutwe kwa sababu mkubwa ana haraka. Wanasema mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi nimeona mmoja akidharau na mguu wa mwingine ukaota. Kwa hiyo usiishie ofisini. Mfuate anayepanda, umwambie kwa lugha yake. Huenda asishuke. Mwambie tu.

Mungu akupe ulimi usiotikisika, mwanangu, na ukiita watu washuke, akujalie washuke.