Viti Vyeusi vya Mjomba

Ngozi nyeusi ikipigwa na upepo wa chumvi haichakai kwa adabu. Kwanza inapauka kwenye mishono, halafu inakakamaa, halafu siku moja unaketi na kusikia ufa ukifunguka chini ya paja lako. Hapa Mikindani nimepigana na upepo huo sehemu kubwa ya ujana wangu, na silaha zangu ni sabuni ya watoto, kitambaa laini, msasa mwembamba, rangi na nta. Nimefufua makoti ya waendesha bodaboda, mabuti ya walinzi, mikoba ya walimu. Nimefufua viti vya magari ya watu wa korosho, ambavyo msimu wa kupuliza dawa huja kwangu vimejaa unga wa salfa kwenye kila mshono, na harufu yake hainitoki puani mpaka nilale. Vyote vilirudi kwa wenyewe vikiwa na heshima yao. Gari moja tu lilinishinda, nalo lilikuwa la mjomba wangu.

Mjomba ni kaka wa mama yangu. Kwetu upande huu, baba anaweza kukuzaa na kukulisha, lakini likija jambo zito anaulizwa mjomba. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa fundi wa viti aliyejulikana mpaka Mtwara mjini, kabla mtoto wa jicho hajamfunga macho yote mawili. Baada ya hapo alifanya kazi kwa vidole. Ukimpa kipande cha ngozi alikipitishia ncha za vidole taratibu, akakwambia wapi imekufa na wapi bado ina uhai, na hakukosea. Sisi wawili tuliitana mjomba, yeye mjomba na mimi mjomba, na wateja walikuwa wanacheka.

Gari lake lilikaa uani chini ya banda la makuti. Injini ilikuwa imekata kauli siku nyingi, ila viti vyake vilikuwa vya ngozi halisi, vyeusi, na yeye alikuwa anaketi humo kila alasiri akisikiliza redio, milango imefungwa, kama mtu aliye safarini. Mimi nikiyaona hayo nilikuwa nacheka. Kicheko kilikauka siku nilipopata nafasi Dar es Salaam, kwenye karakana ya kushona viti vya magari, ambako rafiki yangu alikuwa amenisemea kwa tajiri wake. Nilikwenda kwa mjomba kuomba ruhusa, maana bila radhi yake mama asingenifungulia hata mlango.

Hakukataa, na afadhali angekataa, ningegombana naye yakaisha. Alisema, "Nimalizie viti vyangu, mjomba, halafu uende na radhi zangu."

Nikaona ni kazi ya wiki moja. Sikujua anapima vipi kumalizika. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, alivaa kanzu nyeupe, akaingia garini, akaegemea sawasawa, akatoka na kunigeuzia mgongo nimwambie nimeona nini. Macho yake hayakuweza kuniumbua, na ningeweza kumwambia kanzu iko safi, lakini msikiti mzima ungemwona na mimi ningejificha wapi? Kila Ijumaa kulikuwa na doa jeusi mgongoni, safari hii dogo, safari nyingine kubwa. Alikuwa anavua kanzu, anavaa nyingine, na kuniambia bado.

Rangi ya ngozi inataka hewa kavu na kivuli, ikauke tabaka kwa tabaka. Hapa hewa yenyewe inalowanisha shati likiwa kambani. Tena barabara ya vumbi ilipita ubavuni mwa ua, kwa hiyo nilipopaka ilinibidi nipandishe vioo vyote na kufunga milango, vumbi lisinase. Humo ndani nilikuwa naiva. Jasho lilinidondoka kwenye kiti nilichotoka kukipaka, likaacha vijidoa, nikafuta, nikaanza upya. Na kiti hakiachwi katikati. Mjomba alinifundisha tangu mwanzo kwamba ukianza upande mmoja wa kiti unaumaliza hata nyumba ikiungua, vinginevyo utabaki mstari pale mkono ulipopumzika, na mstari huo hautoki. Basi nilikaa humo, kitambaa mkononi, naiangalia dunia kupitia kioo chenye ukungu wa pumzi yangu mwenyewe, na nilimchukia mjomba wangu. Nasema kama ilivyokuwa. Wapo waliofungwa wakajua kosa lao, mimi nilifungwa kwa kiti.

Nilianza hata kumshuku. Nilisema moyoni kwamba anaketi humo alasiri makusudi, atoe jasho, aharibu nilichotengeneza asubuhi. Nilimwomba asikae mpaka rangi ishike vizuri. Akaniuliza akae wapi sasa.

Mwishowe rafiki yangu akapiga simu kwamba tajiri hawezi kungoja zaidi, anataka mtu kabla ya mfungo. Nilimweleza mjomba kwa sauti ambayo haikustahili kutumika kwa mjomba. Alivisugua vidole vyake kama kawaida yake akiwaza. Kisha akanituma kijijini Mahurunga nikamsaidie mama kusafisha chini ya mikorosho. Nilikwenda nimenuna. Nilimwambia mama kwamba kaka yake amenifunga kama mbuzi. Mama alikuwa anamenya muhogo, hakuinua hata uso. Alisema mbuzi angeshaitafuna kamba.

Niliporudi Mikindani nilimkuta mjomba barazani, kanzu nyeupe, mikono ameificha ndani ya mikunjo yake. Nilimwamkia, akaitikia, lakini hakunipa mkono.

"Nimekumalizia," alisema. "Sasa rangi haitoki tena. Nenda, mjomba. Radhi zangu unazo."

Nilikimbilia uani kama mtoto. Viti vilikuwa vyeusi kupita vyote nilivyowahi kutengeneza, vyeusi na vinang'aa, ufa hata mmoja huoni. Hakuna mstari popote. Moyo wangu ulifurahi, kusema kweli ulifurahi mno, kwa muda wa kushika kitasa na kufungua mlango. Harufu ndiyo iliyotoka kwanza.

Kila aliyekulia Mtwara anaijua harufu hiyo. Ni mafuta meusi ya maganda ya korosho, ambayo wazee huku huzipaka nguzo za nyumba ili mchwa wasiziguse. Dumu lake lilikuwa jikoni kwa mjomba miaka yote. Aliyewahi kubangua korosho mbichi anajua pia mafuta hayo yanafanya nini kwenye ngozi ya mtu. Yanaunguza, tena hayaunguzi yote mara moja, yanaendelea kula siku zinazofuata.

Nilirudi barazani nikamwambia anionyeshe mikono. Alikataa. Niliinua kanzu mwenyewe.

Alikuwa ameyachemsha kwanza, akiamini ukali utakwisha motoni, akayachanganya na mafuta ya taa. Alivaa glavu za ngozi za mwendesha bodaboda mmoja, zilizokuwa zinangoja zamu yake karakanani, na mafuta yakapenya kwenye mishono mibovu. Alisikia moto mapema, kabla kiti cha kwanza hakijafika nusu. Nilimuuliza kwa nini hakuacha akanawa.

"Ningeacha mstari," alisema. "Wewe ungeuona, ungesema bado."

Nilikaa chini pale pale barazani. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imevimba na kuchubuka, ncha zote, zile alizokuwa akizitumia badala ya macho. Hospitalini walimsafisha na kumfunga bandeji mpaka viganjani. Walisema itapona, lakini hakuna aliyeweza kuahidi kwamba vidole vitahisi kama zamani. Viti vyenyewe vilikauka vikawa vigumu kama gamba, na mtu hawezi kuviketia bila kuwashwa. Nimevifunika turubai. Nafasi ya Dar alipewa mwingine, na rafiki yangu alinipa pole ya kweli.

Sasa namlisha mimi, asubuhi uji, mchana ugali, namkatia samaki na kumtolea miiba. Anaketi barazani, maana garini hakukaliki, na redio nimemwekea karibu na sikio. Kila asubuhi, kijiko kikiwa njiani, ananiambia, "Lakini mimi nilishakuruhusu, mjomba."

Namwambia ndiyo, umeniruhusu, fumba mdomo kwanza umeze.