Safu ya Jina la Mume

Nakumbuka asubuhi moja Kenyamonta, mwanangu, nikiwa na shahada mpya, tai nyekundu, na akili ambayo haikuwa imetumika sana. Serikali ilikuwa imelipia wauguzi watoke Mugumu kuja kuwapima wanawake saratani ya matiti bure, nami nikapewa kibarua cha kuandikisha majina. Daftari nililipiga mistari mwenyewe. Safu ya jina la mume hakuna aliyeniagiza kuiweka. Niliiweka kwa sababu ukurasa ulikuwa na nafasi. Msomi akiona nafasi tupu hatulii.

Ikafika zamu ya Bibi Wankuru, amemshika mkono mwanamke kijana aitwaye Bhoke, ambaye alikuwa na uvimbe kwenye titi tangu wakati wa palizi. Walikuwa wametembea tangu alfajiri.

“Shikamoo, bibi. Mume wa huyu anaitwa nani?”

“Marahaba. Wankuru.”

“Wankuru si jina la mwanamke?”

“Kwani umeniona nina ndevu? Ni mimi. Andika.”

Foleni nzima ikacheka. Huku kwetu mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng’ombe akaoa mwanamke, ili mji wake usife. Tunaiita nyumba ntobhu. Nami nililijua hilo vizuri, maana bibi yangu mwenyewe kule Nyamisangura alioa hivyo, na mke wake ndiye aliyenibeba mgongoni. Lakini safu haikulijua, na siku ile nilikuwa mtumishi wa safu. Nikawaketisha pembeni “hadi tupate ufafanuzi.” Ufafanuzi kutoka kwa nani, sijui mpaka leo.

Saa tisa wauguzi wakaanza kufunga vifaa. Bibi Wankuru akaja mezani, akaegemeza fimbo yake juu ya daftari langu.

“Mura,” akasema, kama tunavyowaita vijana, “mahari nilitoa mimi. Huyu akifa, nitamzika mimi. Gari lile la wauguzi limetiwa mafuta kwa ushuru wa ng’ombe wetu mnadani. Wewe umeleta nini hapa zaidi ya kalamu?”

Niliandika Wankuru, nikamkimbilia muuguzi kumwomba afungue tena sanduku. Akafungua.

Muuguzi aliupapasa uvimbe, akautilia shaka, ingawa ulikuwa ungali mdogo. Bhoke akapewa rufaa ya Mwanza, ikathibitika ni saratani, akatibiwa kwa fedha za umma, akarudi. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye hakuficha chochote. Aliyetaka kumficha ni mimi, kwa rula.

Hadi leo tukikutana sokoni Mugumu, Bhoke hunipigia kelele toka mbali: “Karani! Mume wangu anakusalimu!” Watu hugeuka. Mimi huinamisha kichwa, nikamshukuru Mungu kwamba bado yupo wa kunichekesha.

Basi sikia, mwanangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mpeleke mama yako akapimwe, na dada, na mke, wangali wazima. Huduma hiyo si hisani. Ni jasho lao limewarudia. Na ukiwekwa siku moja kwenye mlango wa kitu cha umma, kumbuka umewekwa ufungue.

Mungu awalinde wanawake wa nyumba yako. Akujalie kalamu nyepesi na moyo msikivu, na siku utakapokosea, asikunyime bibi mwenye fimbo.