Kasha la Picha ya Daraja

Ukipeleka friji iliyogoma kwa yule fundi wa mtaani kwetu, hakukimbilia bisibisi. Aliweka kwanza kiganja mgongoni mwa friji, akatega sikio, kisha akasema, "Gesi imetoroka, mama, lakini mwili bado mzima," kama anayekutuliza kuhusu mgonjwa wako. Alikuwa mtu mpole. Tulimwita Kasha, na jina hilo halikutokana na friji, maana friji zote zilikaa uani. Lilitokana na chumba cha mbele, ambako ukuta mzima kutoka sakafuni mpaka darini ulikuwa makasha ya filamu: ya kadi ngumu, ya bati, mengine yamevikwa kitambaa kama kitabu cha dini. Na filamu zote zilikuwa kazi za mwongozaji mmoja tu, mtu wa zamani aliyekufa kabla wengi wetu hatujajua kuwasha runinga. Sisi tulimbatiza Mzee Kivuli, kwa sababu kwenye picha zake kivuli cha mtu huingia mlangoni kabla ya mwenyewe.

Wenye maradhi hayo ya kukusanya wana sheria zao. Kila kasha hununuliwa mara mbili: moja la kutazama, jingine la kukaa na nailoni yake ya kiwandani mpaka kiyama. Nailoni ikichanika, kasha limekufa. Kasha alifundishwa sheria hiyo na rafiki yake, fundi saa wa pale kwenye kona, tuliyemwita Sekunde. Naye aliishika kuliko mwalimu wake.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani mwa chumba hichohicho, akawa anashona huku amewapa makasha mgongo.

"Mimi nimeolewa ukewenza," aliwaambia wateja. "Mke mwenzangu hapiki, hafui, ila anafutwa vumbi kila asubuhi. Mimi nani ananifuta?"

"Wewe huna nailoni," mumewe alimjibu, na wote wakacheka, kwa maana walipendana hao, msije mkadhani vinginevyo.

Sasa, kulikuwa na kasha moja pale juu kabisa, jeusi, kubwa kama begi la safari. Hilo ndilo lililokuwa na picha ya Daraja, ile filamu, nzima nzima bila kukatwa. Mzee Kivuli aliipigia picha hiyo kwenye daraja la reli la mji aliokulia mke wa Kasha, zamani, yeye akiwa msichana anayejifunza kushona. Wapiga picha walikuja chuoni kwao, wakawachukua wasichana, wakawaambia: treni ikipiga filimbi, kimbieni mvuke daraja. Wakakimbia. Basi. Mzee Kivuli akaondoka na daraja lake, na wasichana wakarudi kwenye vishikizo na pindo. Picha ilipokuja kutolewa, kila aliyeiuza aliipunguza, na kila aliyepunguza alianza na wale wasichana, kwa kuwa hawana neno wanalosema. Hayo Kasha alikuwa ameyasoma. Kwenye lile kasha jeusi tu ndimo walimorudishwa.

Lakini alipata moja, hakupata la pili.

"Siku utakayonionyesha usisahau kuniita," mkewe alimtania.

"Tukipata jingine, mke wangu. La kufungua."

Miaka ikapita wakingoja jingine la kufungua.

Macho yalianza kwa uzi. Mwanamke aliyekuwa akitia uzi sindanoni huku anasimulia habari, akaanza kukosa tundu. Kisha akawa anaangusha vikombe vilivyo pembeni yake, anasema nani kaviweka hapo, na kumbe kaviweka mwenyewe. Hospitali wakasema ni presha ya macho, na kwamba wamechelewa. Daktari, mama mmoja mtaratibu, hakuwaficha.

"Ni kama mlango unaofungwa kuanzia pembeni kuja katikati," alisema. "Dawa itaupunguza mwendo. Haitausimamisha. Mama, kama kuna sura unataka kuiona, itazame sasa."

Walirudi kwa miguu, wameshikana mikono kama hawajaoana bado. Kasha akasema watamwita binti yao, yule aliyeolewa mbali.

"Mwanangu nitamjua kwa sauti," mkewe akasema. "Nitamjua hata kwa hatua. Mimi nataka kujiona mwenyewe."

"Kujiona?"

"Sina picha hata moja ya usichana wangu. Kwetu picha ilikuwa anasa ya wenye nazo. Nataka kujiona nikikimbia, baba. Niangalie nilikuwaje, kisha mlango ufungwe."

Nataka mjue kwamba hakusita. Watu walimsema baadaye kwamba alisita, si kweli. Aliingia ndani bila kuvua viatu, akapanda stuli, akalishusha lile kasha jeusi, akachukua mkasi wa mkewe na kuichana nailoni kwa mkato mmoja.

Harufu ikatoka, chachu, kama ya kitambaa kilichosahaulika kikiwa kibichi. Ndani, kiwanda kilikuwa kimetandika sponji ili diski zisigongane. Miaka yote ile sponji ilikuwa imefungiwa humo na diski, haina pa kupumulia, na ilikuwa imezitafuna diski hizo. Zilikuwa na mabaka ya rangi ya chai. Nyingine zilibanduka mkononi kama ngozi ya kitunguu. Ile ya Daraja ilitoka nzima, akaitia kwenye deki, deki ikaguna, ikazungusha, ikaandika kwenye runinga: hakuna diski.

"Ipo," Kasha akaiambia. "Ipo, si nimekuwekea?"

Mkewe alikuwa ameshakaa kwenye kiti, kaoga, kajifunga kitambaa kizuri kichwani kana kwamba anapokea wageni.

"Imeanza?"

"Bado kidogo."

Kuanzia hapo tulimwona akizunguka mtaani na ile diski kaivika kidoleni. Aliiosha kwa sabuni, akaisugua kwa dawa ya meno, akaijaribu kwenye deki ya kila jirani, mpaka ya kinyozi. Friji za watu zikawa zinaozesha mboga uani, hakuzigusa. Aliwapigia simu wakusanyaji wenzake wa miji mingine. Mmoja akafungua la kwake akiwa hewani, na Kasha akamsikia mwenyewe akisema, "Na langu limeoza."

Akabaki Sekunde. Sekunde alikuwa nalo, kwenye kabati la kioo nyuma ya meza ya saa, nailoni yake inang'aa.

"Ndugu yangu, nakuomba," Kasha alisema.

Sekunde hakutoa kioo chake cha kukuzia jichoni. "Langu halifunguliwi."

"Macho yanaondoka, bwana! Ya shemeji yako!"

"Pole yake, kwa kweli pole. Lakini la kwako si limeoza? Na hili likioza utapata nini? Utakuwa umeua makasha mawili."

"Litakuwa limeoza hivyo hivyo hata ukiliacha!"

"Basi liache lioze na heshima yake."

Wateja wakacheka, wakadhani ni masihara ya mafundi. Kasha akakaa kwenye benchi la pale nje. Kesho yake akaja tena akakaa. Akawa anakaa tu, na Sekunde ndani anafungua saa na kuzifunga, nyingine hata hazikuwa na ugonjwa. Mtu akipita anauliza, "Kasha, unangoja saa yako?" anajibu, "Ndiyo, nangoja saa yangu."

Nyumbani mkewe alikuwa akijizoeza. Alisogeza kiti karibu na runinga, akawa anatazama taarifa ya habari na kusema anachokiona: tai nyekundu, mkono, kitu kama gari. Kila jioni vitu vilipungua.

"Wahi," alimwambia mumewe.

Asubuhi moja akiwa kitandani akamwomba afungue pazia. Kasha akasimama katikati ya chumba hajui aweke wapi mikono yake. Pazia lilikuwa wazi, na jua limejaa mpaka miguuni pa kitanda.

Alifika kwa Sekunde akiwa na kandambili moja. Safari hii hakuomba kitu.

"Shemeji yako kaniambia nifungue pazia," alisema. "Lilikuwa wazi."

Sekunde akatoa kioo jichoni. Akakiweka juu ya meza, akakisogeza, akakirudisha kilipokuwa. Kisha akaenda kabatini, akalitoa kasha, akaligeuza juu chini. Chini, kwenye ukingo, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Nailoni ilikuwa imekatwa kwa kisu cha saa na kubandikwa tena, kazi ya mkono usiotetemeka.

"Nililifungua siku niliyolileta," Sekunde alisema. "Sponji ilininukia, nikaitupa. Diski zake nzima."

Kasha alimtazama mtu huyu. "Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mimi ndiye niliyekufundisha usifungue."

Kasha aliinua mkono, na wote waliokuwapo walijua anampiga, hata Sekunde alifumba macho kuupokea. Lakini kumpiga mtu kunataka nafasi, na yeye hakuwa nayo. Mkono ukashuka, ukachukua kasha, na Kasha akakimbia nalo. Sekunde akafuata nyuma, duka kaliacha wazi.

Deki ikaikubali diski. Picha ikaja, nyeusi na nyeupe, safi kama imepigwa jana. Sekunde alisimama mlangoni, hakukaribishwa wala hakufukuzwa. Kasha akasogeza mbele kwa rimoti mpaka kwenye daraja, kisha akaiacha itembee.

Treni ikapiga filimbi.

"Hapo!" mkewe akasema, akakamata mikono ya kiti. "Hapo ndipo tulipoanza. Tunakuja?"

"Mnakuja."

Alinyoosha shingo. Alikaribia mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, na mwanga wa wale wasichana ukampita usoni. "Naona weupe," alisema. "Weupe unatembea. Ndio sisi?"

"Ndio ninyi."

"Mimi umeniona?"

Alikuwa amemwona. Hakuwa amemjua akiwa na umri ule, walikutana wakiwa watu wazima, lakini hapakuwa na shaka: lile bega moja lililo juu kuliko jingine, lile paji la uso. Kasha akaziba mdomo.

"Nimekuona."

"Nikoje?"

Mtu aliyeweza kukueleza kutwa nzima Mzee Kivuli aliiweka wapi taa, akapata neno moja tu.

"Unakimbia."

"Najua nakimbia! Nilikuwa mimi. Nieleze kitu nisichokijua."

"Gauni umelishika kwa mkono mmoja. Viatu umevivua, umevibeba."

"Vilikuwa vya kuazima. Ehe."

"Umegeuka nyuma. Unamcheka mtu. Mke wangu, unacheka mpaka..."

"Namcheka nani?"

Kasha akatazama. Msichana aligeuka, akafungua kinywa, na papo hapo picha ikarukia mto chini ya daraja.

"Pamekatwa."

"Si ulisema hili halikukatwa?"

"Mwenyewe ndiye aliyekata. Mzee. Hakuonyesha."

Mkewe akarudi nyuma kitini taratibu. "Simkumbuki," alisema. "Nilikuwa nikijiambia nikiona nitakumbuka. Kulikuwa na mtu nyuma yangu, alisema neno, nikacheka vile. Nilidhani nikiona nitakumbuka nani." Hapo ndipo alipolia, yeye ambaye hospitali hakulia, huku macho yamekodolea runinga bila kupepesa.

Sekunde akatoka mlangoni bila kuaga.

"Rudisha," mke akasema. "Sema tena, polepole. Pengine neno moja litanigusa."

Kasha akakaa sakafuni, akarudisha mpaka kwenye filimbi, akaanza kusema: gauni, mkono, viatu, bega. Akarudisha tena. Akaongeza upepo, akaongeza utepe wa nywele uliofunguka. Nasi majirani tuliisikia ile filimbi ya treni ikilia mchana kutwa, ikikatika na kulia, na kila walipofika pale msichana anapogeuka, maneno ya Kasha yaliishia kwenye ule mkato, na mkewe alimhimiza, "Endelea, baba. Mbona umenyamaza? Endelea."