Shingo ya Kaka Ilipovimba

Kaka yangu mkubwa alikuwa mnunuzi wa ng'ombe. Alikuwa akienda mnadani Rombo, karibu na mpaka, ananunua madume waliokonda, anawaleta kwa lori hadi nyumbani kwa mama yetu Kisaju, anawanenepesha, kisha anawauza kwa wachinjaji wa Kitengela. Hakuwa mtu wa kukaa. Kwa hiyo alipokuja kwangu akawa anashinda kwenye kiti nyuma ya cherehani yangu, akitazama watu wakipita barabarani, nilijua anaumwa kabla hajasema neno.

Alikuwa amekonda hadi saa ilikuwa ikimteleza mkononi. Mdomoni alikuwa na utando mweupe, hata uji aliumeza kwa shida. Lakini ukimuuliza ni wapi panapouma, alikujibu kwa unyofu kwamba hapaumi popote. Hakuwa na homa wala kikohozi.

"Niko sawa," alikuwa akisema. "Ni nguvu tu imeisha."

Nilifunga kibanda changu cha ushonaji nikampeleka hospitali pale Kitengela. Daktari alikuwa msichana wa kutoka Nyeri, sauti yake ya chini, na alimpima na kuzungumza naye peke yake kwanza. Kisha kaka akaomba niitwe. Nilimkuta ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nimepatikana na virusi," aliniambia. "Basi ndiyo hiyo ilimchukua mke wangu."

Mkewe alikuwa amefariki miaka kadhaa kabla, kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeuliza jina lake. Niliketi kando yake.

Damu yake ilipopimwa zaidi, daktari alituita tena. Alisema kuna aina fulani ya seli nyeupe za damu, ambazo wao huziita CD4, na kaka alikuwa amebakiwa na chache sana. Nilikuwa nimelisikia neno hilo redioni tangu nikiwa shule ya msingi, lakini sikuwahi kujua maana yake.

"Hizi seli ndizo zinaambia zile zingine kuna ugonjwa umeingia," alisema. "Sasa kirusi kinaingia ndani ya hizo hizo. Kinazaana humo, na seli inakufa. Zikibaki kidogo, ugonjwa unaweza kuingia na hakuna wa kuambia wengine."

Alimpiga picha ya kifua, ikawa safi. Akampima kifua kikuu, hakukiona. Akampa dawa, kidonge kimoja kwa siku.

Wiki za kwanza zilikuwa nzuri kuliko nilivyothubutu kutarajia. Utando wa mdomoni uliisha. Akaanza kula, akaanza kubishana na wateja wangu kuhusu bei ya ng'ombe. Siku moja nilirudi kutoka kununua nyuzi nikamkuta amesimama nje, akizungumza kwa simu na dereva wa lori kuhusu mnada.

Kisha akaamka na homa. Kesho yake, upande wa kushoto wa shingo ulikuwa umevimba. Baada ya siku chache uvimbe ulikuwa mkubwa kama ngumi, moto ukiugusa, na usiku jasho lililowesha godoro. Yule mtu ambaye hakuwa akiumwa popote sasa alishindwa kugeuza kichwa.

Mama alikuja kutoka Kisaju akiwa amebeba maziwa na gome la olkiloriti, mti wa dawa wa kwetu, la kuchemshia supu. Alimwangalia mwanawe muda mrefu, akamshika shingo kwa ncha za vidole. Mama, ambaye sisi humwita yeyo, huongea Kimaasai. Kiswahili chake ni cha sokoni. Aliniuliza kwa Kimaasai dawa hiyo ilikuwa wapi. Nikamwonyesha chupa.

"Kabla ya hii, alikuwa na homa?"

"Hapana, yeyo."

"Alikuwa na huu uvimbe?"

"Hapana."

"Basi unaniuliza nini?"

Sikuwa nimemuuliza kitu, lakini nilielewa. Kaka alikuwa amelala, macho ukutani. "Nimeiacha tangu juzi," alisema. "Yeyo anasema kweli. Hii dawa ndiyo imeniangusha."

Mama akalitia gome sufuriani. Ukweli ni kwamba nilifikiri kama wao. Macho yangu yalikuwa yameona alichokiona mama: mtu aliyekuwa dhaifu lakini mtulivu amepewa kidonge, na sasa anaungua. Nilichomwambia mama ni kwamba supu itachukua muda kuiva na hospitali si mbali, turudi tukamwambie daktari ana kwa ana kwamba dawa yake ni mbaya. Mama alikubali kwa sababu hiyo. Alitaka kumwambia mwenyewe.

Daktari alisikiliza yote, hakukatiza. Akaingiza sindano kwenye uvimbe, akavuta usaha mzito, akaupeleka maabara. Tuliporudi kuchukua majibu alitukalisha sote watatu.

"Ni kifua kikuu," alisema. "Kiko kwa tezi za shingo."

"Nimekipata wapi?" kaka akauliza. "Si ulisema hakuna?"

"Sikukiona. Kilikuwa ndani tangu mwanzo, kimejificha. Seli zako zilikuwa kidogo sana, hazikuwa zinakiona, kwa hivyo mwili haukuwa unapigana. Umemeza dawa, zimeanza kurudi. Zimekikuta. Homa ni yao, na huo uvimbe ni wao."

Nilimtafsiria mama. Ilinibidi nirudie, kwa sababu sikuwa na neno la Kimaasai la seli. Nilisema vitu vidogo vya damu vinavyolinda. Mama aliinamisha kichwa, kisha akauliza swali, akanitaka nilipeleke kama lilivyo.

"Anauliza," nilimwambia daktari, "wakati ule alikuwa haumwi popote, ndio alikuwa mgonjwa zaidi?"

Daktari alimgeukia mama mwenyewe, akamwita bibi kwa lugha ya kwao. "Ndiyo, shosho. Wakati ule ndio ningeogopa."

Mama alikuwa anamaanisha kitu kingine pia, nami nilikijua. Alikuwa anamwaza mke wa kaka, aliyeisha polepole bila homa, na sisi tukisema walau hateseki. Daktari alisema dawa ile isiachwe hata siku moja. Akaongeza dawa za kifua kikuu, na kile kidonge cha kwanza kikawa cha asubuhi na jioni, kwa sababu dawa mpya zinakipunguza nguvu. Mama akauliza kuhusu supu. Daktari akataka kujua ni ya nini, akafikiri, akasema supu ya mifupa anywe anavyotaka, lakini gome lisubiri kwanza amalize dawa. Mama hakufurahi, ila hakulitia tena.

Homa haikuondoka mara moja. Uvimbe ulipasuka, ukatoa usaha kwa wiki nyingi, nikawa nausafisha kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Kila nilipobadilisha kitambaa nilijikuta nawaza kwamba hiki ninachokipangusa ni kazi ya damu yake, na sikujua nikichukie au nikishukuru. Kaka alilalamika sana. Nilipendelea hivyo.

Alimaliza dawa za kifua kikuu. Shingoni amebaki na kovu lililokunjamana, analifunika kwa ukosi wa shati. Rombo haendi tena; huwanunua ng'ombe wanaoletwa karibu, anaishi Kisaju na mama, na kliniki yake ameihamishia Kajiado mjini.

Juzi nilimsindikiza. Mhudumu alimwambia virusi havionekani tena kwenye damu, akampongeza. Kaka hakuondoka kitini.

"Hiyo nimesikia," alisema. "Lakini wale wangu wa kulinda, wamefika wangapi?"

Mhudumu alieleza kwamba mtu akishakuwa hivyo si lazima wahesabu seli zake kila mara, na kwamba kwa waliokuwa nazo chache sana, wengine zao hupanda pole pole, wengine hazifiki pale zilipokuwa zamani. Kaka alisikiliza hadi mwisho, akasema sawa, akavaa kofia.

Tulipotoka nje nilimuuliza kama jibu hilo limemridhisha.

"Nilitaka tu kujua wanaendeleaje," alisema.