Jina Tulilolipeleka kwa Liwali

Jumbe wetu wa Mlingotini alifariki siku chache baada ya sikukuu ya kufungua mwezi, na kabla arobaini yake haijatimia watu walikuwa wamekwisha kuanza kunong'ona nani atakayevaa kilemba chake. Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Wadachi walikuwa hawajaja kututawala. Bagamoyo ilikuwa na liwali wa Seyyid wa Unguja, na kila mji mdogo wa pwani ulikuwa na jumbe wake.

Sisi vijana tulikuwa na chama chetu. Ndicho kilichochimba makaburi, kilichofyeka njia ya kwenda Bagamoyo mvua zikiisha, kilichocheza ngoma arusini na kwenda kushindana na watu wa Kaole. Mkubwa wetu tulimwita akida. Alikuwa mzee kuliko sisi sote, ndevu zimejaa mvi, si mwepesi wa kusema. Jumbe alitoka katika koo za wazee, si kwetu, lakini wazee hawakuwa wajinga. Jumbe asiyetakiwa na vijana akipiga mbiu ya mgambo, hakuna anayetoka na jembe. Kwa hiyo desturi ilikuwa hivi: wazee wanataja watu wanaofaa, chama kinakaa kitako, kinachagua mmoja, na jina hilo ndilo linalopelekwa kwa liwali.

Safari ile wazee walitaja wawili.

Wa kwanza alikuwa mpwa wa marehemu. Mtu mzuri wa sura, mkarimu, mwenye sauti ambayo akianza kuimba ngomani hata wagonjwa hutoka nje. Wa pili alikuwa fundi wa kuchimba visima. Huyu nilimjua kama ninavyoujua mkono wangu, maana tulitiwa kumbi pamoja, tukatahiriwa siku moja, tukalala juu ya jamvi moja mpaka tulipopona. Mwaka wa ukame yeye ndiye aliyechimba kisima cha nyuma ya msikiti, peke yake siku nyingi, na maji yalipotoka alisimama pale na upawa akigawa, wajane kwanza, kisha wenye watoto, na mpwa wa jumbe alipotuma mtu wake na mtungi mkubwa aliambiwa asubiri zamu. Watu hawakulisahau jambo lile. Wengi wetu tulikwisha kusema tutamsimamisha fundi.

Nami nilikuwa mmoja wao. Ila nilikuwa na langu moyoni. Nilikuwa nimepeleka posa mara mbili kwa dada yake yule mpwa wa jumbe, na mara mbili nimejibiwa kwa ukimya. Siku moja kabla ya kikao, mpwa wa jumbe alinikuta nikitoka msikitini, akanishika mkono, tukatembea.

"Habari ya ile posa yako," akasema, "sikuisahau, ndugu yangu. Acha kwanza haya mambo yaishe, tutazungumza."

Hakusema zaidi ya hapo. Hakuniomba kitu. Nataka hilo lijulikane, maana kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba alinishurutisha.

Tulikaa siku ya Ijumaa baada ya sala, uani kwa akida. Waliotajwa hawakuwapo, desturi haikuruhusu. Akida akatandika mikeka miwili, mmoja wa huyu na mmoja wa yule, akasema anayetaka kusema aseme, kisha kila mtu atakwenda kukaa kwenye mkeka wa amtakaye.

Wakasema. Wengine wakataja kisima. Mmoja akacheka akasema kisima si ujumbe, la sivyo tungemvika kilemba punda wa kubebea maji. Watu wakacheka, lakini niliona macho yao yanaelekea mkeka wa fundi. Ndipo akasimama binamu yake mpwa wa jumbe.

"Mimi sina ubaya na fundi," akasema. "Nauliza tu. Bibi yake mzaa mama aliletwa kutoka bara na kamba shingoni. Tunajua wote. Je, aliachwa huru kabla ya kumzaa mama yake, au baada? Kama ni baada, mama yake ni mzalia, mtumwa wa kuzaliwa humu, na tutampelekea liwali mwana wa mjakazi awe jumbe wa waungwana. Watu wa Kaole watatuimba mpaka kiyama."

Akida akasema, "Karatasi ya uhuru ilikuwapo. Iliandikwa na marehemu mwalimu."

"Iko wapi?"

Iliungua. Nyumba ya kina fundi ilishika moto miaka kadhaa nyuma, na kila mtu alijua. Marehemu mwalimu alikuwa babu yangu. Ndiye aliyenifundisha kusoma na kuandika, na katika kunifundisha alinipa karatasi za watu nizisome kwa sauti. Ile niliisoma. Niliisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikosea jina la shahidi, babu akanipiga kofi. Ilisema kwamba yule bibi aliachwa huru na bwana wake kwa ajili ya Mungu, na kwamba hana mtoto wakati huo. Kwa hiyo mama yake fundi alizaliwa na mwanamke huru. Halikuwamo jambo la kutia shaka.

Akida akanigeukia. "Wewe mjukuu wa mwalimu. Uliiona karatasi ile?"

Nilimtazama. Nilitazama mikeka. Nikafikiri, nikisema ndiyo, kesho nitatuma posa ya tatu kwa nani?

"Sikumbuki," nikasema.

Neno lile lilitoka jepesi kabisa, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Akida akanitazama kidogo, akatikisa kichwa, akasema basi twendeni kwenye mikeka. Mkeka wa mpwa wa jumbe ukajaa mpaka wengine wakakaa mchangani. Kwa fundi walikaa watu sita. Mimi nilikaa kwa mpwa wa jumbe, karibu na ukingo.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kuandika, mimi ndiye niliyeandika barua ya liwali. Niliandika kwa mwandiko bora kuliko wote niliowahi kuandika, nikazivuta herufi zangu, nikaweka na maua pembeni. Tulipofika Bagamoyo liwali hata hakuifungua. Aliuliza, "Nani?" akaonyeshwa, akaita kilemba kiletwe. Tulirudi na ngoma. Sikukuu ile ya kilemba walichinja ng'ombe, na katika watu waliobeba kuni za kupikia alikuwamo fundi, na mzigo wake kichwani kama wengine. Akanisalimu, nikamwitikia. Nikadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha, ila nilikosea mahali pa kutazama. Mimi nilimtazama yeye. Sikumfikiria mama yake.

Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, anayejua kupika bokoboko kuliko wote, na katika arusi akikaa mbele na wenziwe, amejitanda ukaya wake, kile kitambaa chepesi cha kichwani walichojifunika wanawake waungwana. Mjakazi hakuruhusiwa kukivaa. Mwezi haukupita tangu kikao chetu, ikawa arusi mtaa wa pili. Mama yangu alikwenda. Aliporudi hakuvua hata viatu, alikuja moja kwa moja barazani nilipokuwa nimekaa.

"Mnajua mlilolifanya?" akasema. "Shangazi yake jumbe mpya amemwambia yule mama, mbele ya watu, vua hicho kichwani, siku hizi tumekujua."

"Akafanyaje?"

"Akavua. Ungetaka afanyeje? Akaukunja vizuri, akautia kwapani, akanyanyuka akaenda kukaa jikoni na wanaochambua mchele." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Wewe babu yako hakukusomesha zile karatasi?"

Sikumjibu mama yangu. Hiyo nayo imo katika hesabu ya mambo yangu ya aibu.

Siku chache baadaye nilimkuta fundi kisimani, anatoa majani yaliyoangukia ndani. Tulikuwa wawili tu. Nilitaka kugeuka lakini alikuwa amekwisha kuniona.

"Ile karatasi," akasema bila kuniangalia, "ilikuwa na doa la mafuta ya nazi pembeni. Unalikumbuka?"

Sikuweza kusema uongo mara ya pili. "Nalikumbuka."

"Basi," akasema, akaendelea kutoa majani.

Kabla ya masika walihama, yeye na mkewe na mama yake, wakaenda upande wa Kerege, ambako zama hizo kulikuwa msitu na vibanda viwili vitatu. Hakumuaga mtu. Mimi nilipewa mke niliyemtaka. Alikuwa mwanamke mwema na tuliishi vizuri, na jumbe yule naye hakuwa jumbe mbaya. Ningependa kusema mji uliharibika ili watu waone malipo yake. Haukuharibika. Aliamua kesi za mipaka kwa haki, aliimba, alizeeka kidogo. Ila kila mke wangu alipojitanda ukaya kwenda arusini, mimi niliona haja ya kutoka nje.

Kisha vikaja vita vya Wadachi. Manowari zao zilipoanza kupiga mizinga Bagamoyo, hata kwetu sufuria zilitetema mekoni. Watu walichukua walichoweza wakakimbilia mashambani. Mimi na mke wangu na watoto wawili tulikwenda na kundi la watu wa mji, na jumbe mwenyewe akiwa pamoja nasi, tukitembea kuelekea kusini bila kujua tutalala wapi. Siku ya pili maji yakatuishia. Mtu mmoja akasema anajua mahali penye kisima. Nilijua ni kwa nani kabla hajamaliza kusema.

Fundi alitupokea sote. Alitoka na upawa. Wajane kwanza, kisha wenye watoto. Jumbe akasimama katika safu kama wengine. Zamu yangu ilipofika alinijazia kibuyu changu mpaka juu, akasema, "Pole na njia," kama alivyomwambia kila mtu.

Tulikaa pale wiki nyingi. Tulikula muhogo wake na kunde zake. Mama yake alikuwa bado hai, amekonda, haoni vizuri, na kichwani amejifunga kipande cha kaniki, kile kitambaa cheusi cha watumwa na maskini. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akiitikia, "Marahaba, baba, umeamkaje?" Hakunitambua kwa sauti, au alijifanya hakunitambua.

Nilijiambia nitamwomba radhi fundi. Siku moja nilimfuata shambani alikokuwa akipalilia, nikamkuta mkewe peke yake, mumewe amekwenda kuchukua mpini. Mkewe akaniona nilivyosimama, akaelewa.

"Shemeji," akasema, "najua ulilojia. Usimwambie."

"Nataka aniwie radhi."

"Najua. Ukimwomba atakusamehe, kwa kuwa yeye ndivyo alivyo. Nawe utarudi kwenu umetua mzigo. Na mama mkwe wangu je? Ataurudisha nani ukaya wake?" Akainama akaendelea kupalilia. "Ukitaka kufanya kitu, kawaambie wale uliowaambia mwanzo."

Nilirudi bila kusema. Lakini neno lake lilikaa.

Vita vilipotulia tulirejea Mlingotini. Nusu ya nyumba zilikuwa zimeungua. Chama kilikutana kugawana kazi ya kujenga, uani kwa akida palepale, na kazi ilipokwisha kugawanywa nikaomba kusema. Nikasema kwamba karatasi niliiona, niliisoma, kwamba mama yake fundi alizaliwa na mwanamke huru, na kwamba niliposema sikumbuki nilisema uongo kwa ajili ya mke.

Nilitazamia wanizomee. Nilitamani wanizomee. Hakuna aliyenizomea. Wengine walitazama mikono yao. Binamu ya jumbe, yule aliyeuliza swali siku ile, alikuwa anachonga kijiti na hakuacha kuchonga.

Akida ndiye aliyesema. "Kaa chini, mwanangu. Mimi nilikuwa shahidi wa karatasi ile. Jina langu lilikuwamo."

Sikuelewa kwanza. Kisha nikakumbuka jina la shahidi nililolikosea, na kofi la babu.

"Mbona hukusema?" nikauliza.

"Nilikuuliza wewe," akasema. "Ng'ombe wa sikukuu ya kilemba alikuwa amekwisha kufungwa kwa jumbe huyu, wazee wa ukoo wake walikwisha kuja kwangu mara tatu. Tulikuwa tunatafuta njia ya kupitia. Wewe ukatupatia."

Siku chache baadaye tulikwenda Kerege watu wanane, na akida mbele, tumechukua ukaya mpya tulioununua Bagamoyo. Fundi alitukaribisha, akatupa viti. Mama yake akaupapasa ule ukaya kwa vidole, akauliza ni wa nani, akaambiwa. Akasema ahsanteni, kitambaa kizuri, lakini yeye ameshazoea kaniki, ina joto. Akampa mkwewe auweke. Tukala, tukaaga, tukashika njia ya nyumbani.